Nyumba ya mzee jirani imegeuka baa na sisi hatukuulizwa

Saa tisa usiku hii niko jikoni naandika kwenye daftari, kesho ntaichapa. Sijalala. Muziki umezimwa saa nane na nusu, na ukizimwa ndo zinaanza gari kutoka moja moja, mtu anapiga honi kwenye geti letu akidhani ndo la baa, bodaboda wanagombania abiria chini ya dirisha la mama, alafu kuna mtu amesimama ukutani kwetu anakojoa na kuongea na simu, yani nimesikia maongezi yake yote mpaka jina la mtoto wake. Mama ana miaka 74 na ana presha. Amekaa kitandani tu kimya, na hicho kimya chake ndo kimenitoa chumbani, maana zamani alikuwa analalamika, siku hizi halalamiki.

Mi nimezaliwa Sinza na bado nakaa Sinza, kwenye nyumba aliyojenga marehemu baba. Najua ukitaja Sinza mtu anawaza baa, gesti na kitimoto, na anakwambia si uhame kama hutaki kelele. Jamani, Sinza haikupimwa kwa ajili hiyo. Miaka ya 1970 serikali ilichukua mkopo Benki ya Dunia ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, mtu wa kipato cha kawaida anapewa kiwanja kidogo, panawekwa barabara na maji, nyumba anajenga mwenyewe kidogo kidogo kadiri anavyopata. Baba alikuwa karani tu, alianza na vyumba viwili na choo cha nje, sebule imeezekwa mi niko darasa la tatu. Viwanja vyenyewe ni vidogo, vimebanana, kati ya ukuta wa chumba cha mama na ukuta wa jirani ni hatua nne, nimezipiga mwenyewe. Kwa familia mbili zinazojuana hatua nne zinatosha kabisa, mnasalimiana asubuhi kupitia dirishani, mnaombana chumvi.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, na kwake kulikuwa na mwembe ambao watoto wote wa mtaa tumekulia chini yake. Yeye alifariki, mke wake akafuata baada ya mwaka, watoto sita wametawanyika, mmoja yuko nje ya nchi, wakaona bora wapangishe. Siwalaumu kwa hilo. Nyumba ya urithi yenye watoto sita ina mambo yake, na kodi ndo kitu pekee kinachoweza kugawanyika bila ugomvi. Walituambia anakuja mtu wa ofisi. Mwezi wa kwanza kweli tukaona meza na viti, mwezi wa pili mwembe ukakatwa, wa tatu yakaja mabanda ya makuti na jiko la nyama likajengwa kuugusa ukuta wetu, ule moshi ukaanza, na spika mbili. Sasa hivi kuna masabufa manne na jukwaa dogo la bendi ya Jumapili.

Hakuna siku mtu yeyote alibisha hodi akasema mama shikamoo, tunataka kufungua biashara hapa, mnaonaje.

Nataka niongelee hayo masabufa kidogo kwa sababu watu wengi hawaelewi tunavyoteseka, wanasema funga dirisha. Nyumba zetu za Dar zimejengwa zipumue, dirisha ni nyavu na nondo, wengine bado wana vile vioo vya kupanga, juu ni bati. Joto la Februari ukifunga dirisha umejichemsha mwenyewe. Na hata ukifunga, ile besi haipiti dirishani, inapita ukutani na ardhini, unaisikia kifuani, vikombe vinagongana kabatini. Sauti nyembamba ya mwimbaji ukuta unaizuia, besi haizuiliki kwa tofali moja la sementi. Ndo maana mwenye baa akisimama pale kwake anasema mbona muziki ni wa kawaida, na hadanganyi, kwake ni wa kawaida, lakini aje alale chumba cha mama usiku mmoja.

Nikaanza kutafuta sheria inasemaje maana nilichoka kuambiwa "mtaelewana tu". Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pale mwanzoni kabisa inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Alafu kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na nilifurahi kuona neno mitetemo limo maana ndo vikombe vyangu hivyo. Kwenye makazi ya watu kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa 4. Hata wakisema mtaa wetu ni mchanganyiko, makazi na biashara, usiku haitakiwi kuzidi 45. Nikapakua programu ya kupima kwenye simu, najua simu sio kipimo cha kisheria na mahakamani hainisaidii, ila nilitaka nijue tu, nikaiweka juu ya mto wa mama Ijumaa saa 6 usiku ikawa inacheza kati ya 65 na 71. Na desibeli hazihesabiki kama shilingi, kila zikiongezeka 10 nguvu ya sauti imezidi mara 10, kwa hiyo kutoka 35 mpaka 65 ni mara elfu moja. Mara elfu moja, kwenye mto wa mtu wa miaka 74.

Muda nao una sheria yake, tena ya zamani, ya mwaka 1968, hiyo ya vileo. Baa ya kawaida siku za kazi inauza kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 5 usiku. Hapa kwetu Jumanne watu wanakunywa saa 4 asubuhi, watoto wa shule ya msingi wanapita hapo hapo wakirudi.

Lakini kelele nayo, niseme ukweli wangu, nilikuwa naivumilia nikijua ni kelele. Tumelelewa mtaani. Jirani akifunga turubai kwa harusi ya mwanae mziki ukakesha, unavumilia, tena unaenda kusaidia kumenya vitunguu. Msiba siku tatu watu wamelala barabarani, unavumilia na unatoa maji na mikeka. Hata kigodoro kikija kinapita. Shughuli ya jirani ni shughuli yako, leo kwake kesho kwako. Hii sio shughuli, hii ni kila siku, mwaka wa pili huu, na faida haiji mtaani hata ya kufagia makopo.

Kilichonitoa machozi ni choo.

Ile nyumba ina shimo moja la choo, mzee alilichimba kwa ajili ya watu wanane. Sisi tulikuwepo linachimbwa. Sasa piga hesabu ya Jumamosi, watu mia na zaidi, wote wanakunywa bia, shimo lile lile. Linajaa ndani ya wiki. Gari la maji taka ni hela, kwa hiyo wakati wa masika mwaka huu mvua kubwa ikianza tu, usiku, tukasikia harufu, asubuhi mtaro wote ni kile kitu. Walitapisha choo. Walitoboa wakaachia, mvua ibebe. Na mtaro wetu haubebi, umejaa chupa za plastiki, kwa hiyo maji yakarudi uani kwa mama mmoja mjane anayepika maandazi ya kuuza, ndo riziki yake, akakaa siku nne hapiki. Wadogo wawili nyumba ya nyuma wakaharisha wiki hiyo. Siwezi kusema ni kwa sababu hiyo, mi sio daktari, lakini kila mtu wa Dar anajua masika na maji ya choo mtaani ni hatari gani, kipindupindu hatusimuliwi hapa mjini, tumekiona.

Hapo ndo nilipoelewa tatizo lenyewe liko wapi, na ndo kitu nachotaka majirani zangu wakielewe. Tumekuwa tunabishana kuhusu volyumu, punguza, ongeza, zima. Wanapunguza Jumatatu, Ijumaa imerudi. Volyumu ni matokeo tu. Nyumba ya watu wanane imegeuzwa sehemu ya watu mia na zaidi na hakuna kilichobadilishwa isipokuwa bango la nje. Shimo ni lile, ukuta ni ule, geti moja, paki hakuna, gari zinajaa mpaka wakati mama mjamzito wa nyumba ya mwisho anatakiwa kukimbizwa hospitali ilibidi bajaji imsubiri barabara kubwa, akatembea. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema kiwanja cha makazi ukitaka kukifanyia kitu kingine unaomba kibali cha kubadili matumizi, na kwenye huo utaratibu majirani wanapewa nafasi ya kusema pingamizi lao. Kumbe kuna mahali tulitakiwa tuulizwe! Swali letu lilitakiwa liwe moja tu toka mwanzo, kibali cha kubadili matumizi kiko wapi.

Nilienda kumuona mwenye baa, mchana, peke yangu. Ni kijana mdogo kwangu, ana adabu zake, akanipa kiti na soda. Akasema dada yangu mi nimelipa kodi ya mwaka mzima kwa wenye nyumba, nimekopa, leseni ya biashara ninayo hiyo hapo ukutani, nina wafanyakazi kumi na wanne, we unataka niwaambie nini. Nikawaangalia wale wadada wanaohudumia, mmoja alikuwa anaosha glasi, namjua anakopanga, ana mtoto wa miaka mitatu na anatembea kwa miguu kurudi usiku ule. Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia mdogo wangu, leseni inasema unaruhusiwa kuuza, haisemi mama yangu asilale. Tukakubaliana spika zigeuzwe zitazame barabarani na besi izimwe saa 4. Tulipata wiki tatu za usingizi, namshukuru kwa hizo wiki tatu. Mwisho wa mwezi ikaja bendi.

Na moshi ule wa kitimoto hajaugusa kabisa. Upande wa pili wa baa ni familia ya Kiislamu, wamekaa hapo toka mi sijazaliwa, Ramadhani yote wamefuturu na moshi wa nguruwe sebuleni. Yule baba hajasema neno kwa mtu, amehamishia tu mkeka wa futari chumba cha nyuma. Mi Mkristo na nyama hiyo nakula, lakini niliona aibu kumuangalia usoni.

Ofisi tumezunguka. Ya kwanza ikatuambia hili sio letu nendeni pale, pale wakasema leteni kwa maandishi, tukapeleka, wakasema barua imesainiwa na watu watatu tu, watatu sio mtaa. Iliniuma lakini wana hoja. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu saa saba usiku watu arobaini wanalalamika, wanatuma sauti wamerekodi, asubuhi nikipita na karatasi wanaosaini ni watatu. Mmoja anasema anapangisha chumba kwa mhudumu wa pale, mwingine anaogopa kuonekana mnoko, mwingine alinijibu kwamba na yeye anafikiria kupangisha ya kwake kwa gereji. Huyo ndo aliyeniogopesha kuliko wote. Gereji ikija hapo katikati, na mwingine akaweka kuchomelea mageti, na mwingine kuosha magari, hao waliopewa viwanja vya kuishi wataishi wapi?

Siombi baa ifungwe kesho na wale wadada wakose kazi. Naomba vitu ambavyo mtu mzima yeyote anaweza kuvitimiza: kibali cha matumizi kionekane, na kama hakipo kiombwe na sisi tusikilizwe, shimo lipanuliwe na gari la maji taka liitwe kabla halijajaa, jiko litoke ukutani kwetu, na saa 5 watu waende nyumbani. Na wale watoto sita wa mzee, nimewapata watatu kwenye simu, dada yao mkubwa alilia nilipomwambia mwembe umekatwa, hakuwa anajua. Amesema mkataba unaisha Desemba na hatasaini mpya mpaka aje mwenyewe aone.

Barua mpya nimeandika, kurasa mbili, nimeambatanisha picha za mtaro na tarehe za kila usiku muziki ulipopita saa 5, nimezihesabu kwenye kalenda ya mama ni usiku 61 toka Januari. Iko kwa mama wa maandazi, amekubali ikae mezani kwake Jumamosi na Jumapili kuanzia saa 12 asubuhi anapoanza kukaanga. Ukija chukua maandazi, saini, andika na namba ya nyumba yako. Jumatatu saa 3 naipeleka, na mama amesema safari hii anakuja na mimi.