Kumbukumbu ya mradi: kichwa cha Filonov, wiki ya 3

Nimefika jicho la kushoto. Masaa 19 mpaka saivi na eneo lililojaa halizidi viberiti viwili, lakini kila nikiliangalia naona sawa kabisa.

Kwa ambao hamkuona wiki zilizopita, najaribu kuchora kichwa cha mtu kwa njia ya Pavel Filonov, yule mchoraji wa Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi). Huanzi na umbo zima. Unaanzia kona moja na brashi nyembamba kuliko zote, doa moja unalimaliza ndo unahamia la pembeni yake, picha inakua kama mmea unavyotoa majani. Ile “Formula ya Majira ya Kuchipua” aliyoimaliza 1929 ina karibu mita 3 kwa 2 na nusu, na yote kaijaza hivyohivyo, sasa mi nikikumbuka hilo nikiwa na karatasi ya A3 narudi kukaa.

Tatizo la wiki hii lilikuwa mafuta ya rangi kunywewa na karatasi, kila doa linaacha duara la njano. Nimepaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mara mbili, ikakauka, sasa bluu inakaa palepale nilipoiweka. Filonov mwenyewe kazi zake nyingi ni rangi ya mafuta juu ya karatasi.

Na huyu mtu aliyaunga mkono mapinduzi ya 1917 kwa moyo wote jamani, hiyo ndo inayoniuma. Mwaka 1929 Jumba la Makumbusho la Urusi likaandaa maonyesho yake, picha zikatundikwa, katalogi ikachapishwa, halafu umma haukufunguliwa mlango na picha zikateremshwa. Wanafunzi aliwafundisha bure, chakula mara nyingi chai na mkate, na picha hataki kuuza maana alitaka zikae pamoja zote zimilikiwe na watu wa nchi yake. Akafa kwa njaa tarehe 3 Desemba 1941 mji ukiwa umezingirwa na Wajerumani. Dada yake, Yevdokia Glebova, akazitunza picha hizo miaka na miaka, 1977 akazitoa zawadi kwa jumba lilelile.

Juzi nililiharakisha doa moja chini ya kope, rangi nyekundu ikaingia kwenye kijani ikawa matope. Nimelikwangua kwa wembe, leo nimelirudia kuanzia mwanzo, dakika 40. Kesho naanza nyusi.