Mhadhara wa tuzo kwa mwanafalaki: yanayotangulia ngao

Tuzo nyingi hapa kwetu huishia kwenye ngao, keki na picha ya pamoja. Tuzo ya mhadhara ni jambo jingine. Anayetunukiwa hupewa saa nzima ya masikio ya watu, na ngao hubaki kuwa kumbukumbu ya saa hiyo. Kwa hiyo anayetaka kumheshimu mwanafalaki, yaani mtaalamu wa sayansi ya nyota na sayari, kwa njia hii, Arusha au Moshi, aipange kwanza ile saa, ndipo aende kwa mchonga ngao.

Kwenye kadi na mabango andika "mwanafalaki". Neno mnajimu mtaani limeshakuwa la mtabiri wa nyota, na ukilitumia watakuja watu wanaotaka kusomewa bahati zao.

Mhadhara wa aina hii huheshimu watu wawili: yule ambaye jina lake limepewa tuzo, na yule anayepanda jukwaani. Uingereza wana Mhadhara wa George Darwin tangu 1927. Marekani, chama cha wanafalaki kina mhadhara wa Henry Norris Russell tangu 1946, unaotolewa kwa kazi ya maisha yote. Jina hilo lina kisa chake. Mwaka 1925 mwanafalaki Cecilia Payne alionyesha katika tasnifu yake kwamba nyota zimejaa haidrojeni na heliamu kupita elementi nyingine zote. Alitumia kanuni ya Meghnad Saha wa India, inayoeleza jinsi joto linavyozipokonya atomi elektroni zake. Russell, aliyekuwa mkubwa wa fani, alimwambia haiwezekani, naye Payne akalazimika kuandika kwamba kiasi hicho karibu hakika si halisi. Miaka 4 baadaye Russell alifikia jibu lile lile kwa njia nyingine na akaitaja kazi ya Payne. Mwaka 1976 Payne alitunukiwa tuzo yenye jina la Russell.

Historia kama hiyo ndiyo inayopaswa kuwemo katika maneno ya kumtunuku mtu. Kosa la kawaida ni kusoma orodha ya shahada na vyeo hadi ukumbi unasinzia. Maneno 150 yanatosha, na kiini chake ni sentensi mbili: kabla yake tulidhani hivi, baada yake tunajua vile. Kamati ikishindwa kuziandika sentensi hizo mbili, bado haijamjua inayemtunuku.

Kamati iwe ya watu 5, na vigezo viandikwe kabla ya majina kufika. Mapendekezo yaitwe miezi 10 kabla: maelezo ya kurasa 2, kazi 3 kuu, barua 2 za wanaoijua kazi hiyo. Mjumbe aliyewahi kumsimamia mpendekezwa, au kusimamiwa naye, atoke chumbani jina hilo linapojadiliwa. Asiambiwe tu anyamaze, kwa sababu kukaa kwake kimya pia kunawazuia wengine kusema.

Mhadhara wenyewe uwe na wazo moja, nalo lifungwe kwenye jambo ambalo wasikilizaji tayari wanalo. Chukua kazi ya Karl Jansky, mhandisi aliyekuwa akitafuta chanzo cha kelele kwenye simu za redio zinazovuka Atlantiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aligundua kwamba mvumo mmoja hurudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Ungekuwa wa jua, ungerudi kila saa 24. Zile dakika 4, ambazo nyota nazo huwahi kila siku, ndizo zilizomwonyesha kwamba unatoka mbali nje ya mfumo wa jua, upande wa kitovu cha Njia ya Maziwa, galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo. Wazee wetu walizijua dakika hizo bila saa, kwa kulitazama kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Dakika 4 kila siku ni saa 2 kwa mwezi, na ndiyo maana Kilimia huhama angani msimu hadi msimu. Mpe mhadhiri methali hiyo wiki kadhaa kabla. Aliyetoka mbali hataijua, na akiitumia ukumbi wote utakuwa naye.

Muda ndio unaoharibu shughuli nyingi. Salamu za viongozi zikifuatwa na salamu nyingine, mhadhara wa dakika 45 hubaki 20. Itifaki izingatiwe, lakini mgeni rasmi azungumze baada ya mhadhara, na dakika zake 7 ziandikwe kwenye ratiba anayopewa. Mhadhiri akizungumza Kiingereza, usitumie mkalimani wa kusimama pembeni yake akirudia kila sentensi, kwani muda utakuwa mara mbili. Arusha, yenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, haikosi wakalimani wa kwenye kibanda. Waite wawili wapokezane, na wapewe picha na istilahi wiki 2 kabla.

Picha za galaksi ni nyeusi. Ijaribu projekta kwa picha yenye giza kuliko zote, saa ile ile ya mhadhara, kwa sababu madirisha ya magharibi saa 11 jioni huifuta kabisa. Projekta na kompyuta zipite kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Jenereta huchukua muda kuwaka, na projekta ya taa iliyozimika ghafla husubiri ipoe kabla ya kuwaka tena.

Kisha watu watoke nje. Jua huzama kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 kasoro, na giza kamili huja kama dakika 70 baadaye, kwa hiyo mhadhara wa saa 11 unaingiliana vizuri na anga. Epuka masika, na epuka Juni na Julai mawingu yanapokaa kwenye miteremko ya Meru. Januari au Februari ni bora, na Kilimia huwa juu upande wa kaskazini jioni. Chagua wiki ya mwezi nusu unaokua: kreta, yale mashimo ya mwezini, huonekana kwa vivuli vyake, ilhali mwezi mpevu huzifuta na kuzifunika nyota hafifu.

Darubini ziwe za kioo cha kuakisi chenye upana wa milimita 200, kwenye kitako cha Dobson, kile rahisi kinachozungushwa kwa mkono juu, chini na pembeni. Vitako vya ikweta, ambavyo mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, vinasumbua hapa: ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 3 na kidogo tu juu ya upeo, na vingi havishuki kiasi hicho. Zitolewe nje nusu saa kabla ili kioo kipoe, la sivyo picha hucheza. Mtu mmoja huchukua dakika moja hivi, hivyo watu 120 wanahitaji darubini 3 ili foleni isizidi dakika 40. Kwenye moja wapo weka kiti cha mtunukiwa na tochi nyekundu, wanafunzi wapange mstari hapo kwanza.