Kifua Inchi 44, Karatasi Inaishia 38

Julai 2018 tulimfanyia mdogo wangu sendofu pale nyumbani Nkuhungu, usiku, chini ya turubai. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa saba ananielewa. Mchana jua linawaka kama kawaida, lakini giza likishaingia upepo unavuma mkavu, wenye vumbi na baridi, na aliyevaa mikono mifupi anaanza kuulizia khanga ya kujifunika. Sare ya familia ilikuwa kitenge cha zambarau. Nikamwomba mama kitenge changu nishone sketi tu, blauzi nifume mwenyewe kwa kroshia. Akakubali, kwa sharti kwamba rangi isipishane na ya wenzangu.

Blauzi niliyoitaka nilikuwa nayo kwenye karatasi tangu miaka mingi. Shangazi, dada yake baba, alijifunza kufuma Mvumi akiwa msichana, na alitunza kurasa chache za jarida la zamani la Uingereza, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ukurasa mmoja ulikuwa na blauzi ya maua ya feni, yaani yaliyotanuka kama pepeo la mkono, kuanzia shingoni hadi kiunoni, imefungwa kooni, mikono mirefu. Naipenda mpaka leo. Ila maelekezo yalikuwa ya saizi tatu tu: kifua inchi 34, 36 na 38. Kifua changu ni inchi 44.

Wenzangu ninaofuma nao vitambaa vya makochi walinishauri nichukue sindano nene zaidi, basi, nguo itakua yenyewe. Ushauri huu nausikia kila mahali na siupendi hata kidogo. Sindano nene inakuongezea inchi chache, lakini inapanua kila tundu, na feni ambayo ilikuwa ua inageuka wavu. Isitoshe, inapanua hata pale usipohitaji kupanuliwa. Mwingine aliniambia nipungue kwanza. Huyo sikumjibu.

Shangazi alikuja mapema kusaidia maandalizi ya shughuli, nikampelekea karatasi na uzi. Alichofanya kwanza ni kunionyesha herufi mbili, “tr”, kifupi cha jina la mshono. “Hii ni karatasi ya Waingereza,” akasema. “Hapa unazungusha uzi kwenye sindano mara moja. Ukikuta herufi hizi kwenye karatasi ya Wamarekani, wenzao wanazungusha mara mbili. Ujue kwanza unasoma ya nani, maana safu zote zitarefuka.” Kisha akaniambia nifume kipande cha mraba kwa uzi niliokuwa nimenunua soko la Majengo, na sindano ya milimita 4, ile ile ya kwenye karatasi. Nikifume kikubwa kuliko inchi 4 kila upande, ili pa kupimia pawe katikati, maana pembeni mwa kipande kufuma kunadanganya. Nikakifua, nikakianika juu ya taulo, kikakauka. Tukaweka futi.

Karatasi ilisema vitanzi 16 kwa kila inchi 4. Mkono wangu ulitoa 18. Uzi wa Majengo ulikuwa mwembamba kidogo, na mimi nina mkono wa kukaza. Kroshia hadi leo haijapata mashine ya kuifuma kiwandani, kila kitanzi kinavutwa na kidole cha mtu, kwa hiyo tofauti ya vitanzi 2 hata si ya kushangaza. Lakini hesabu yake ni kubwa. Saizi kubwa kabisa ya karatasi ilikuwa na vitanzi 162 kuzunguka kifua. Kwa mkono wa aliyeiandika, hizo ni inchi 40 na nusu. Kwa mkono wangu ni inchi 36 kamili.

“Sasa iache karatasi,” shangazi akasema. “Anza na mwili wako.”

Inchi 44, tukaongeza 2 za kupumulia, zikawa 46. Kila inchi yangu ina vitanzi 4 na nusu, jumla 207. Feni moja inakula vitanzi 6, na 207 haigawanyiki kwa 6. Kwa hiyo ni ama feni 34, yaani vitanzi 204, ama feni 35, vitanzi 210. Nikachagua 210, kwa sababu nilitaka singlendi ikae ndani kwa raha.

Nikadhani kazi imeisha, tungeongeza tu kila kitu kwa kiasi hicho hicho. Shangazi akanigeuza, akapima mgongo kutoka bega hadi bega. Inchi 15. Akanionyesha kwenye karatasi: mgongo wa saizi ya 38 nao ni inchi 15. Kifua changu ni kikubwa, mabega yangu siyo. Hapa ndipo nguo nyingi za watu wenye maumbo kama yangu zinapoharibika, za kufuma na za kushona. Fundi anapanua kifua na mabega kwa pamoja, kisha shingo inateleza na makwapa yananing'inia. Mimi kwa hesabu ile ningepata mgongo wa zaidi ya inchi 17, bega likishuka inchi moja na ushee kila upande.

Tukaipindua kazi. Karatasi ilianzia kiunoni kwenda juu, sisi tukaanzia mabegani kushuka, ili niweze kujipima njiani. Mgongo ukaanza na vitanzi 68, mabega yakakaa palepale yanapotakiwa. Kuelekea makwapani nikawa naongeza pembeni, kila safu ya pili, hadi nyuma kukawa na 92. Mbele nikafikisha 102, maana mwili wenyewe uko mbele. Kila kwapa nikatupia mnyororo wa vitanzi 8, nikaunganisha duara. Hesabu: 92, 102 na 16. Ni 210.

Kwa kuwa tulikuwa tunashuka, feni nazo ziligeuka zikaangalia chini. Nilizipenda hivyo kuliko zilivyokuwa kwenye picha.

Jambo la mwisho ndilo lililonichukua muda. Blauzi za dukani kwangu hupanda mbele, pindo la mbele likawa juu kuliko la nyuma, kwa sababu kitambaa kinalazimika kupita juu ya kifua. Shangazi akapima kutoka begani hadi kiunoni, mbele na nyuma, tofauti ilikuwa zaidi ya inchi 2. Feni haziwezi kukatizwa katikati bila kuonekana. Basi kifuani nikaweka mkanda wa kufuma kwa kubana, bila maua, na ndani ya mkanda huo nikafuma safu fupi fupi za mbele tu: naenda, nageuza kabla sijafika mwisho, narudi, nageuza mapema zaidi. Kwa macho hazionekani. Feni zikaanza chini ya mkanda, na pindo likalala sawa pande zote. Mkanda ule haukuwepo kwenye karatasi ya Mwingereza, na ndio ulioipa blauzi sura yake. Shingo nikaifungua, mikono nikaiishia kwenye kiwiko, mipana, maana mimi ni mtu wa kupika na kubeba sinia. Uzi nilikuwa nimenunua wote kwa mara moja, wenye namba ile ile ya mkupuo wa kutiwa rangi kwenye lebo. Ukirudi dukani kesho utapewa zambarau nyingine, na mama angeiona toka mbali.

Usiku wa sendofu upepo ulikuja kama ilivyotarajiwa. Nilizunguka na sinia, nilicheza, nilinyanyua mikono wakati wa kumtunza bibi harusi, na blauzi haikuhama mwilini. Mdogo wangu alinishika bega akapitisha vidole kwenye mkanda ule, akaniuliza lini nitamfumia yake.

Binti wa shangazi, aliyeolewa Kondoa, naye aliniomba karatasi aipige picha. Ni mrefu, mwembamba, kifua inchi 34. Nikampa karatasi, lakini asubuhi, wakati sufuria zinasuguliwa uani, nikamkalisha na sindano yangu na uzi uliobaki, afume kipande. Mkono wake ni wa kulegeza: vitanzi 15 kwa inchi 4. Inchi 34 na 2 za kupumulia, jumla vitanzi 135. Feni 22 ni vitanzi 132, feni 23 ni 138. Akachagua 138, kwa sababu Kondoa kuna baridi na yeye anataka kuivaa juu ya shati.