Nakuuliza miji, wanijibu tiketi

Zuhura kajifungua salama, ofisini tumehamia ghorofa ya tatu, na mimi bado natafuna maneno ya Shangazi ya Jumapili.

"Haya, hiyo Vienna na Budapest zina tofauti gani?"

"Vienna treni za chini hazina geti, Shangazi. Unagonga tiketi muhuri kwenye kisanduku cha buluu, unashuka zako."

"Mwanangu! Nakuuliza miji, wanijibu tiketi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwani mji hauanzii hapo? Vienna mkaguzi anaweza kuwa yule aliyeketi mbele yako na nguo za kiraia. Budapest wanasimama waziwazi mlangoni, na tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri ni sawa na huna. Halafu kuna M1, njia ya treni ya chini ya huko Budapest, ya mwaka 1896, iliyochimbwa karibu sana na uso wa barabara. Stesheni zake nyingi hazina njia ya chini ya kuvukia, kila upande una ngazi zake. Ukishuka upande usio wako, utoke nje, uvuke barabara, na tiketi ya safari moja umeshaigonga.

Wiki nzima nampangia majibu. Kwamba ulale Vienna usiku 3, Budapest 2, na viza ya Schengen, moja kwa nchi zote mbili, uombe Austria, nchi ya Vienna, kwa kuwa ndiko kwenye siku nyingi; zingelingana, ungeomba nchi unayoingilia. Kwamba Jumapili ikukute Budapest, maana Vienna supamaketi hufungwa, zinabaki wazi chache kama ile ya stesheni kuu, na foleni yake. Treni kati ya miji hiyo ni kama saa 2 na dakika 40. Tiketi ya bei nafuu ni ya treni hiyohiyo, ikikuacha imekufa. Kwamba ATM ya Budapest ikikuuliza ikukate kwa sarafu ya kwenu, ukatae, uchague forinti, pesa ya huko, la sivyo inakupangia bei yake ya kubadilisha pesa.

Tiketi tena, najua.

Leo naosha vyombo, jibu likanijia, nikacheka peke yangu. Asante! Budapest ukimpa mhudumu wa mgahawa noti huku ukisema "köszönöm", yaani asante, umemwambia chenji abaki nayo. Hajakuibia, umesema mwenyewe. Asante yako ifiche mpaka chenji ifike mkononi. Na bili uisome kwanza: ukiona neno szervizdíj, bakshishi imeshahesabiwa humo. Vienna unamtajia kiasi cha kukata: bili ni euro 18.40, unasema 20, anarudisha kilichozidi, na asante unaimwaga upendavyo.

Shangazi, anayemshukuru hata konda wa daladala aliyempitiliza kituo, Budapest angefilisika siku ya kwanza. Hilo ndilo alilokuwa akiuliza, nami nikampa kisanduku cha buluu.

Nitampigia kesho. Usiku huu nasikiliza tangi la juu: linadondosha maji tangu jana, na fundi hapokei simu.