Nilivyomkagua punda mzee mwenye makovu kabla ya kutoa hela

Sisi wakulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, hatuhangaiki sana na kulima. Tunahangaika kuzifikisha nyanya barabarani. Shamba langu liko bondeni, lori halishuki, na bodaboda akipakia matenga mawili kwenye ile njia ya mawe unasali mpaka arudi. Mwaka huo nilikuwa tayari na mkokoteni na punda mmoja kijana, dume aliyehasiwa, mwenye nguvu za kutosha lakini hajui kazi. Akisikia honi ya lori anageuka na mkokoteni wake. Akichoka anasimama katikati ya njia, na hapo hata umwimbie.

Fundi aliyetutengenezea mkokoteni akaniambia punda hafundishwi na mtu, anafundishwa na punda mwenzake. Nitafute mzoefu, niwafunge pamoja, yule kijana atafuata. Punda mzoefu maana yake ni punda mzee, na punda mzee wa kazi ambaye hajawahi kuumia mimi sijamwona bado.

Nikapata habari za jike mmoja kule Migori, barabara ya Dodoma, kwa mzee mmoja mfugaji. Nilikwenda na mume wangu na shemeji. Sikio moja lilikuwa limechanika mpaka nusu. Pajani alikuwa na kovu refu la kung'atwa na fisi. Pale shingo inapokutana na mgongo palikuwa na mabaka ya nywele nyeupe. Na nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kati ya goti na kifundo, kulikuwa na uvimbe kama mtu amefunga fundo chini ya ngozi. Shemeji alicheka waziwazi. Mume wangu alinivuta pembeni: "Mama Neema, huyo si punda wa kubeba mzigo. Huyo ni mzigo."

Mimi sikuwa na haraka ya kukubali wala kukataa. Nilichotaka kujua kwa kila kovu ni mambo mawili: lilitokana na nini, na hicho kilicholileta bado kipo?

Fisi ni habari iliyopita. Alishambuliwa usiku akiwa nje ya boma, akapona, na mguu wa nyuma anaurusha sawasawa na mwenzake. Sikio halivuti mkokoteni. Hayo nikayaacha.

Mabaka meupe yalinipa kazi zaidi. Kidonda kikimkaa punda muda mrefu, nywele zinazoota baadaye huwa nyeupe, kwa hiyo ngozi yenyewe inakusimulia alivyofungwa. Mabaka yake yalikaa sawasawa na mahali nira ya ng'ombe inapokaa. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, anasukuma nira kwa hapo. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Ukimvika nira ya ng'ombe, mti unamsaga mfupa kila hatua. Nilibonyeza yale mabaka kwa vidole, kidogokidogo kisha kwa nguvu. Hakushtuka wala hakuinamisha mgongo, na chini ya ngozi hapakuwa na joto wala majimaji. Kidonda kilikuwa kimepona, na aliyekileta alikuwa nira, si punda. Kwangu angevaa mkanda wa kifua, kwa hiyo nalo likaisha.

Ulibaki mguu, na hapo ndipo tulipokaa sana.

Uvimbe wa mahali pale mara nyingi ni kano, ule ukano mgumu unaounganisha msuli na mfupa, iliyowahi kuchanika. Kano ikipona haiwi kama ilivyokuwa, inaacha unene na inapoteza mnyumbuko, na ikizidiwa inaweza kuchanika palepale. Swali ni kama imepona au bado inaumwa. Niliishika miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja, mkono huu huku na mkono ule kule, nikashuka nayo polepole. Joto la mguu mmoja peke yake linadanganya, hasa mnyama akiwa amesimama juani. Ukiishika yote miwili, tofauti unaihisi. Haikuwepo. Uvimbe ulikuwa mgumu, wa baridi, hausogei. Kano inayoumwa huwa na joto, ni laini kidogo, na mnyama anauvuta mguu ukiibana. Huyu alinitazama tu na kuendelea kutafuna mabua.

Lakini kutafuna kwa punda si ushahidi wa kutosha. Punda akiumwa anaficha. Punda mwenye maumivu makali anaweza kusimama kimya na ukasema ametulia. Kwa hiyo nilimwomba mzee tumtembeze kwenye moramu ngumu, maana mchanga unameza kuchechemea. Mjukuu wake alimwongoza kwa kamba iliyolegea, mimi nikasimama mbele nikitazama kichwa. Mguu wa mbele ukiuma, mnyama huinua kichwa pale mguu mbovu unapogusa chini, kisha hukishusha akikanyaga ule mzima. Kamba ikikazwa huwezi kuona hilo, ndiyo maana wauzaji wengine hushika kamba karibu kabisa na kidevu. Kwenye mstari ulionyooka kichwa kilitulia. Tulipomzungusha duara dogo kuelekea kushoto, hatua yake ilikuwa fupi kidogo, lakini kichwa hakikupanda. Nikaliweka hilo akilini.

"Shikamoo mzee, naomba nirudi kesho asubuhi."

"Marahaba mwanangu. Kesho tena? Punda si ndiye huyu?"

Nilirudi, ila si siku niliyosema. Niliacha siku kadhaa zipite, kisha nikafika alfajiri bila taarifa, punda bado yuko bomani hajatembea hata hatua moja. Mguu wenye shida huwa mgumu asubuhi, na ukishatembea unalegea, kwa hiyo anayekuonyesha mnyama saa nne asubuhi, akiwa ameshamtembeza, amekuonyesha nusu ya habari. Tena kuna sindano za maumivu, zinaweza kuuficha mguu kwa siku nzima au zaidi. Sikumshuku mzee, lakini biashara ni biashara. Punda alitoka bomani kwa hatua fupi kidogo, akanyooka kabla hatujafika kwenye mti wa mkwaju. Mzee alinitazama nikimtazama, akacheka: "Wewe mama ungekuwa trafiki."

Safari hiyo nilikuwa na bwana mifugo niliyemlipa mwenyewe kutoka upande wetu. Mzee alikuwa amenitajia wa kwake, nikashukuru nikanyamaza. Tulianza na umri. Mzee alisema miaka kumi hivi. Lakini alipokuwa akitusimulia, alisema punda huyu alianza kuteka maji kabla kitinda mimba wake hajaanza shule, na kijana huyo sasa anaendesha bodaboda, ana leseni. Piga hesabu mwenyewe. Bwana mifugo alifunua mdomo akanionyesha jino la juu la pembeni kati ya meno ya mbele. Kwa farasi, mfereji wa kahawia huanza kuonekana kwenye jino hilo karibu na fizi akiwa na miaka kama 10, hufika nusu ya jino kwenye 15, na huenea jino lote kwenye 20. Kwa punda kipimo hicho hupotoka, lakini mfereji wake ulikuwa umepita nusu, na meno yalikuwa yameanza kulala mbele badala ya kusimama wima. Tukakubaliana kimoyomoyo kwamba ni kumi na tano na kitu. Punda anayetunzwa anaweza kufika 30, kwa hiyo sikutishika. Kilichonihusu zaidi ni kama magego bado yanasaga. Bwana mifugo alipasua kinyesi chake kwa kijiti: nyuzi fupi, hakuna vipande virefu vya mabua. Anatafuna vizuri.

Kwato zilikuwa ndefu, zimepinda mbele. Kwangu hiyo ilikuwa habari njema, ingawa mume wangu alishangaa. Kwato ikiwa ndefu mbele inaikaza kano kila hatua. Maana yake sehemu ya ule ufupi wa hatua huenda ilitokana na kutokatwa kwato, jambo linalorekebishika kwa patasi na tupa, si na uzee. Bwana mifugo alisafisha chini, akabonyeza pande zote akitafuta usaha. Hapakuwa na kitu.

Mwisho tukaomba kazi. Mjukuu alikuwa anakwenda kuteka maji, madumu sita ya lita ishirini, nikamwambia nakwenda naye. Hapo ndipo moyo wangu ulipokubali. Punda alirudi nyuma mwenyewe kuingia kwenye mkokoteni, akasimama afungwe. Basi la Dodoma lilipita na honi yake yote, masikio yakageuka, miguu haikugeuka. Kwenye mteremko alipunguza mwendo bila kuambiwa. Ukimchukua kijana mwenye miguu minne mizima, hayo huyapati kwa hela. Tuliporudi niliushika tena mguu. Ulikuwa wa baridi.

Sasa hela. Mzee alitaja laki mbili na nusu, bei ya punda kijana. Nilimweleza kitu ambacho naona watu wengi hawakifikirii: ng'ombe mzee akishindwa kazi unamwita mchinjaji, unarudisha chochote. Punda harudishi. Huku kwetu nyama yake hailiwi, na biashara ya ngozi, iliyokuwa inawamaliza punda Afrika nzima, Umoja wa Afrika uliikataza mwaka 2024. Mimi nafurahia katazo hilo, maana wezi wa punda walikuwa hawalali. Lakini maana yake kwa mnunuzi ni kwamba anayemchukua punda mzee anachukua pia miaka ambayo hatafanya kazi, na shimo la kumzika. Nilimwambia mzee hivyohivyo, kwa adabu, na bwana mifugo pembeni anaitikia. Tukashuka mpaka laki na thelathini. Alinung'unika, kisha akaongeza kamba ya kichwani bure.

Jambo moja karibu linizuie. Jike huyu alikuwa amekaa miaka na punda mwingine mzee, walikuwa wanakunana shingo. Punda akitenganishwa na mwenzake anaweza kususa kula, na punda anayesusa kula siku chache tu mafuta ya mwili humwagika kwenye damu, ini likashindwa, akafa. Kwa mnyama mwenye umri huo si mchezo. Kuwanunua wote wawili sikuweza. Tulichofanya, nilimleta yule punda wangu kijana Migori kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakalala boma moja siku chache kwa mzee, tukawaondoa pamoja wakiwa tayari wanafahamiana. Gharama ya usafiri iliuma, lakini alipofika Ilula alikula jioni hiyohiyo. Barua ya mtendaji na kibali cha kusafirisha mifugo tulikuwa navyo mkononi. Usithubutu kupita barabara kuu na mnyama bila hivyo.

Kwato zilipunguzwa kidogokidogo kwa awamu, si kwa mara moja, kwa sababu ukizikata zote ghafla unaibadilishia kano mvutano wake. Nilishona mkanda wa kifua wa turubai iliyokunjwa, ndani blanketi la pamba. Tuliwaezekea banda, maana manyoya ya punda hayazuii maji kama ya ng'ombe, na masika ya huku yana baridi yake. Sakafu tuliinyanyua kwa kokoto ili wasisimame kwenye matope, kwato zikiloweka zinalainika na usaha unapata njia. Alichomwa chanjo ya pepopunda, yeye na kijana. Kwa mwezi wa kwanza mkokoteni ulipakiwa nusu.

Ule ufupi wa hatua ulipungua kwato zilipokaa sawa, haukuisha. Kila jioni naishika miguu ya mbele, hiyo imekuwa kama kufunga mlango. Jioni moja baada ya mvua kubwa nilihisi joto kidogo kushoto. Nikammwagia maji baridi, nikampumzisha wiki nzima na kijana akafanya safari fupi peke yake. Anaweza sasa. Anasimama afungwe, anarudi nyuma mwenyewe, na honi za malori anaziachia masikio tu, kama bibi yake. Kwenye ile kona ya mawe tunashusha matenga mawili na kuyapandisha kichwani, ili jike asivute mlima kwa mguu ule. Vijana wangu wanalalamika. Wanalipwa.

Shemeji aliyecheka amekuja juzi kuomba nimwazime jike amfundishe punda wake. Nilikataa, anatumia nira. Mzee wa Migori naye alipiga simu, ana mwingine wa umri huohuo, dume, goti limevimba. Nimemwambia nitakuja, na siku sitasema.