Taa ya bamvua: kumbukumbu ya mradi wangu wa ufuoni Pirates

Jumamosi ya kwanza

Nimeanza. Mezani kuna bodi moja ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha vihisi na taa), kihisi cha JSN-SR04T (kile kinachopima umbali kwa sauti na kisichoogopa maji), betri nilizozitoa kwenye kompyuta iliyokufa, na taa tatu za LED: kijani, manjano na nyekundu. Nataka kusimamisha nguzo pale Jomo Kenyatta Public Beach, Pirates kama tunavyoiita wenyewe hapa Mombasa, imwambie mtu bahari ikoje dakika hiyo, kabla hajavua viatu.

Sababu ninayo nyumbani. Krismasi ya mwaka juzi mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 9, alikuwa juu ya tyubu ya kukodi, kwenye maji ya kiunoni, nami niko hatua kama 20 kutoka kwake. Nikageuka kulipia madafu. Nilipotazama tena, tyubu ilikuwa imeshazipita mashua zilizotia nanga, na mtoto hapigi kelele, anatutazama tu. Mvuvi aliyekuwa akirudi ndiye aliyemdaka. Bahari siku ile ilikuwa shwari, hakuna wimbi la kumtisha hata kuku. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo: hakukuwa na kitu cha kuonekana.

Mfano ninaoufuata unatoka Ziwa Michigan, Marekani. Baadhi ya fukwe za huko zina nguzo za taa zinazobadilika rangi kufuata taarifa za mawimbi na upepo. Nimeona picha zake, nimezipenda, naanza kunakili.

Jumamosi ya pili

Programu inafanya kazi. Inasoma utabiri wa upepo kwenye intaneti. Upepo ukizidi kiasi, manjano inawaka, ukizidi zaidi, nyekundu. Nimeipeleka Pirates ndani ya boksi la viatu niwaonyeshe waokoaji. Wakaipenda. Kisha nikaenda kwa wavuvi waliokaa kivulini wanashona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo yasema nini?"

"Inaonya mawimbi, mzee. Yakiwa makubwa taa inakuwa nyekundu."

Akaitazama bahari kwanza, ndipo akanijibu. "Mawimbi yajionyesha yenyewe. Tena yavunjikia kule mwambani, huku hayafiki. Huku mtu hachukuliwi na wimbi. Achukuliwa na maji yaendayo zao."

Nimerudi nyumbani na boksi langu kwapani, nikafuta programu yote. Sikuumia, maana alichosema ndicho kilichompata mtoto wetu, na mimi nilikuwepo nisikielewe. Ziwa Michigan kujaa na kupwa kwake hakufiki sentimita 5. Wale wana haki ya kuhesabu mawimbi. Hapa kwetu, kwenye bandari ya Kilindini, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Maji hayo yakishaingia nyuma ya mwamba, lazima yatoke ndani ya saa 6 na kitu. Mwamba ni ukuta, na ukuta una milango. Yanapoelekea milangoni ndiko mkondo unakozaliwa, na kwa juu bahari inaweza kuwa laini kama mafuta.

Kuanzia leo naandika tarehe za mwezi wa angani, kama wanavyohesabu wavuvi. Za kalenda ya ukutani hazinisaidii kitu kwenye kazi hii.

Mwezi 9

Maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana. Siku nzuri ya kujifunza kwa sababu bahari imelegea. Nimenunua jedwali la maji la Kilindini, lile linalotolewa na mamlaka ya bandari, na kukaa nalo na daftari.

Kuna hesabu ya mabaharia ambayo programu mpya imejengwa juu yake. Chukua tofauti yote kati ya maji kujaa na kupwa, igawe mafungu 12. Saa ya kwanza linatoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji inaondoka katika saa mbili za katikati. Bamvua la mita 3.6 linashusha sentimita 30 saa ya kwanza, mtu hahisi kitu, anaendelea kucheza. Saa ya tatu linashusha sentimita 90. Maji mafu ya mita 1.2 hayazidi sentimita 30 hata saa yake ya nguvu. Ufuo uleule, watu walewale, nguvu mara tatu.

Sasa tazama saa zenyewe. Hapa kwetu siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa 4 na nusu asubuhi na kujaa mnamo saa 10 na nusu jioni. Basi mkondo wa kutoka unashika kasi kuanzia saa 12 na nusu, jua linazama, watu wanataka kuogelea mara ya mwisho kabla ya kupanda matatu. Bendera ya waokoaji wakati huo haionekani. Taa inaonekana.

Na siku tatu nne kabla ya bamvua ni mbaya zaidi kwa umati, kwa kuwa maji hujaa saa 8 mchana na mkondo kukaza kati ya saa 10 na saa 12, ufuo umefurika.

Mwezi 12, usiku

Nimeshindwa kulala kwa jambo nililoliona kwenye daftari. Idd-ul-Fitr inafuata mwezi mwandamo. Maana yake Idd Mosi na Idd Pili ziko ndani ya bamvua kila mwaka, bila kukosa, na kila mtoto wa Mombasa anajua Idd jioni watu wanakwenda wapi. Pasaka nayo ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza tangu mchana na usiku kulingana mwezi Machi, majira ambayo mabamvua huwa makubwa kuliko mengine. Ikianguka siku moja mbili baada ya mpevu, ni hatari mara mbili. Idd-ul-Hajj, siku ya 10 ya mfungo tatu, inaangukia karibu na maji mafu. Sikukuu zetu zina maji yake, na hili lingeweza kubandikwa ubao wa matangazo mwaka mzima kabla, hata bila taa yangu. Nimemweleza yule mzee, akasema babake alikuwa akiwakataza kuoga jioni ya Idd, nao wakidhani ni kwa ajili ya nguo mpya.

Mwezi 15

Machungwa. Chungwa linaelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi, linakwenda na maji tu. Tumepima mita 20 kwa kamba kati ya boriti mbili, mpwa wangu akashika saa (yuko nje ya maji, nimehakikisha). Saa 11 jioni chungwa limechukua sekunde 74. Saa 12 na dakika 40, sekunde 33, yaani karibu sentimita 60 kwa sekunde. Mtu wa kawaida anayejua kuogelea hawezi kushindana na hiyo kwa zaidi ya dakika chache. Aliyeko juu ya tyubu hana hata nafasi ya kujaribu.

Mwezi 16

Kihisi kimepata makao. Wavuvi wameniruhusu nikifunge kwenye boriti la mkoko wanalofungia mashua, mahali ambapo maji hayakauki hata yakipwa. Kinatazama chini ndani ya paipu ya PVC ya inchi nne yenye tundu dogo mkiani. Tundu linazuia mawimbi, ndani maji yanapanda na kushuka taratibu. Paipu nimeipaka rangi nyeupe, kwa sababu sauti inakimbia mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 na mita 349 kwenye nyuzi 30, na joto hilo peke yake linadanganya sentimita 5 kwa kila mita 3. Vipimo vinapelekwa kwa redio ya LoRa (ya masafa marefu) hadi kwenye nguzo, ambayo kwa sasa iko ukutani kwa mama muuza viazi karai. Ofisi niliyoiandikia barua kuomba ruhusa ya kuchimba nguzo ufuoni haijanijibu. Nimeandika ya pili.

Kanuni: maji yakishuka kwa kasi ya sentimita 60 kwa saa au zaidi, nyekundu. Yakipanda kwa kasi hiyo, manjano ya kumweta, kwa ajili ya wale waliotembea mpaka kwenye fungu la mchanga na hawajui kwamba nyuma yao kunajaa.

Mwezi 17

Leo taa imesema uongo.

Saa 1 jioni, bamvua linatoka kwa nguvu zote, nguzo inaonyesha kijani. Nilikuwa nimekaa nakula. Nikaona vijana wanne wanaitazama taa, wanaelekezana, wanaingia. Nilikimbia nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka, mwokoaji mmoja akapuliza filimbi, wakatoka. Niling'oa waya wa betri palepale.

Usiku nimefungua paipu kwa tochi. Kaa mdogo alikuwa amepanda na kukaa juu, chini kidogo ya kihisi. Kihisi kilimsoma yeye: sentimita 25, 25, 25, saa nzima. Programu ikaelewa kwamba maji yamejaa na yametulia.

Kaa hana kosa. Mimi ndiye niliyeamini kwamba kipimo kisichobadilika ni kipimo cha amani.

Mwezi 20

Siku tatu za kuandika upya. Kipimo kinalinganishwa na jedwali la Kilindini. Vikipishana kwa zaidi ya sentimita 40, nyekundu. Redio ikinyamaza dakika 10, nyekundu. Paipu ina wavu juu na chini.

Na kijani nimekitoa kabisa. Barabarani kijani ni amri ya kwenda, na wale vijana walifanya hivyo hasa. Mimi sina mamlaka ya kumwambia mtu "nenda" baharini. Hakuna saa ambayo bahari haina hatari. Sasa hali ya chini kabisa ni manjano iliyotulia. Taa ikizimika, kibao chini yake kinasema: TAA IMEZIMIKA, USIINGIE. Nyekundu na manjano haziwaki pamoja hata sekunde moja, kwa sababu bendera yenye nyekundu juu na manjano chini inajulikana kimataifa kwamba hapa pana mwokoaji, ogelea hapa.

Waokoaji wameomba swichi. Nimewapa, inayoweza kupandisha taa kuwa nyekundu wakati wowote. Kushusha haiwezi.

Mwezi 24

Maji mafu tena. Manjano kutwa, hakuna la kuandika.

Mwezi 27

Yule mzee amekuja mwenyewe hadi kwa mama wa viazi karai, akakaa mbele ya nguzo kuanzia alasiri mpaka Isha. Mara mbili alitabiri taa itabadilika lini kwa kutazama tu kamba za mashua zinavyokaza, mara zote mbili alinitangulia kwa dakika chache. Nimemuuliza kwa nini. Anasema mkondo unaanza chini kabla ya juu. Sasa nataka kihisi cha pili, cha kupima mvuto wa kamba.

Bamvua liko siku nne mbele. Jibu la barua halijafika. Wavu wa paipu nimeubadilisha, betri imejaa, na mpwa wangu amenunua machungwa sita kwa pesa zake.