Manjano kwa Manjano

Kiswahili kimelitwisha neno moja mizigo mitatu: manjano ni rangi, manjano ni kiungo cha mchuzi, na manjano ni ugonjwa unaobadili weupe wa macho pale ini linaposhindwa kuondoa bilirubini, taka ya njano itokanayo na chembe za damu zilizochakaa. Kwa hiyo sikushangaa jirani yangu, mama wa makamo, aliponiambia kwa yakini kwamba manjano hutibu manjano. Alikuwa amenunua vidonge vya kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, akaniuliza kama avimeze kila siku kulinda ini.

Ini huchakata karibu kila tunachomeza, na kazi hiyo ina moshi wake. Chukua parasetamoli. Katika dozi ya kawaida, sehemu yake ndogo hugeuzwa na vimeng'enya kuwa sumu iitwayo NAPQI, ambayo hudakwa mara moja na glutathioni, antioksidanti, yaani kinga dhidi ya molekuli haribifu, inayotengenezwa na seli zenyewe. Mtu akizidisha dozi mno, glutathioni huisha. NAPQI hunata kwenye protini, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huanza kumwaga radikali huru, na seli hufa. Ndiyo maana hospitalini mgonjwa wa namna hiyo hupewa asetilisisteini, malighafi ya kutengenezea glutathioni mpya. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Hunyang'anya elektroni kutoka mafuta ya utando wa seli, na mafuta yaliyonyang'anywa hunyang'anya ya jirani, kama moto unaorukia paa la makuti hadi paa jingine. Vitamini E hukatiza mfululizo huo, kisha vitamini C huirudishia nguvu.

Zamani niliamini kurkumini nayo huuzima moto huo kwa mkono wake. Lakini inayofika katika damu ni kidogo mno kwa kazi hiyo, na maelezo yanayonishawishi zaidi ni mengine: hujishikiza kwenye protini iitwayo Keap1, ambayo kwa kawaida humfunga mwenzake Nrf2; Nrf2 ikifunguliwa huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza glutathioni. Mmea, basi, si mzima moto bali mpiga mbiu. Hata hivyo, ushahidi mwingi unatokana na seli za maabara na panya waliopewa kaboni tetrakloridi, sumu ya ini, na panya si jirani yangu.

Unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu ya kurkumini, na utumbo pamoja na ini huifunga upesi ili itolewe. Watengenezaji wa vidonge huongeza piperini ya pilipili manga, ambayo katika jaribio la mwaka 1998 ilipandisha ufyonzwaji wa kurkumini kwa watu kwa asilimia 2000. Piperini hufanya hivyo kwa kudhoofisha vimeng'enya ambavyo ini huvihitaji kwa dawa nyingine pia. Marekani na Italia, madaktari wameripoti watu walioumia ini baada ya kutumia virutubisho hivi, wengi wao wakiwa na aina ya jeni iitwayo HLA-B*35:01, na baadhi yao macho yaliwabadilika rangi. Manjano yaliwaletea manjano!

Jirani yangu humeza dawa ya shinikizo la damu kila asubuhi, na katika maelezo ya chupa ile piperini ilikuwamo. Nilimwomba aipeleke kwa daktari wake kabla ya kuifungua. Samaki wa mchuzi sikumkataza.